Uchafu Kwanza, Dawa Baadaye: Kuloweka Vipuri vya Kabureta katika Masisi na Walikale

Kabureta, ambayo mafundi wengi wa Kivu huiita kaburateri kwa kufuata Kifaransa, ni chombo kinachopima mafuta na kuyachanganya na hewa kabla mchanganyiko huo haujaingia kwenye injini, na ingawa hutosha kiganjani, ndicho kinachoamua kama pikipiki itapanda mlima wa Mushaki ikiwa na abiria wawili na gunia la viazi au itazimika katikati ya matope. Katika teritori za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, injini za aina hii zingali zinafanya kazi kubwa: zimo katika pikipiki zinazobeba watu na mizigo, katika jenereta ndogo za maduka na za vibanda vya kuchajia simu, katika pampu za maji za wachimbaji na katika misumeno ya mashine inayopasua mbao msituni. Kabureta inapochafuka, fundi huifungua na kuloweka vipande vyake katika kimiminika fulani ili uchafu ulegee, na swali la kimiminika kipi ndilo linalojadiliwa hapa, kwa sababu jibu linalosikika mara nyingi, kwamba kilicho kikali kuliko vyote ndicho bora, huua kabureta ambazo zingeweza kuhudumu miaka mingi zaidi.

Kabla dawa yoyote haijatajwa, majina hayana budi kunyooshwa. Katika Kiswahili cha Kongo, esansi ni mafuta mepesi ya pikipiki, mazutu ni dizeli, na petroli, kwa kuwa neno limepokewa kutoka Kifaransa, ni mafuta ya taa. Lakini mtu aliyejifunza ufundi Kampala, Arusha au Nairobi huita petroli kile ambacho mwenzake wa Sake huita esansi. Tofauti hiyo ina uzito kuliko mabishano ya lugha, kwani mvuke wa esansi hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi, na fundi aliyeambiwa aloweke vipuri katika petroli anaweza, kwa neno hilo moja tu, kujikuta ameweka karai la esansi kando ya mbabula yenye makaa. Katika makala haya esansi itaitwa esansi, na kile kinachotiwa katika taa kitaitwa mafuta ya taa.

Uchafu wenyewe una asili zaidi ya moja. Mafuta yanayotumika vijijini hufika Goma kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi, kisha hugawanywa katika mapipa, katika bidoni za njano, na hatimaye katika chupa zinazopangwa kando ya barabara na wauzaji wanaoitwa Kadafi, jina lililotokana na kiongozi wa zamani wa Libya, nchi ya visima vya mafuta. Kila chombo kinachofunguliwa na kufungwa njiani huongeza kitu chake: tone la mvua, mchanga, kutu ya pipa, na mara nyingine mafuta ya taa yaliyochanganywa kwa makusudi ili faida inenepe. Vumbi la kiangazi kwenye barabara ya Sake kuelekea Masisi, na matope ya masika ambayo hayaishi katika misitu ya Walikale, hukamilisha yaliyobaki kupitia chujio la hewa lililochakaa.

Asili ya pili, ambayo ndiyo hasa huleta kazi ya kuloweka, ni kusimama kwa mashine. Vita vilivyoenea Masisi na kufika hadi mji wa Walikale Machi 2025 viliwahamisha watu mara kwa mara, na mashine ya mtu aliyekimbia haiwashwi. Mapema mwaka huo, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji wa Goma zilipovunjwa na watu wakaanza kurudi makwao, jenereta au pikipiki iliyosalimika ilikuwa imelala miezi, pengine zaidi ya mwaka. Esansi iliyoachwa ndani ya kabureta haikauki kama maji, yasiyoacha kitu. Sehemu zake nyepesi huruka, na zile nzito zinazobaki huungana na oksijeni ya hewa, zikageuka utando wa kahawia unaonata, ambao baada ya muda hukauka na kuwa mgumu kama vanishi iliyopakwa kwenye kabati. Utando huo, ambao hapa utaitwa gundi ya mafuta, ndio unaoziba jikleri, yaani vijiti vidogo vya shaba vyenye tundu jembamba ambavyo mafuta hupitia kwa kipimo. Mafundi wa Afrika Mashariki huviita jeti.

Bakuli la kabureta, kikombe cha chini ambamo boya huelea na kudhibiti kiwango cha mafuta, husimulia maisha ya mashine nzima kwa yeyote anayelitazama kabla ya kulifuta. Mstari wa kahawia unaozunguka ukuta wake wa ndani, wakati mwingine mistari miwili au mitatu iliyopandana kama alama za mafuriko kwenye nguzo ya daraja, huonyesha mahali esansi iliposimama na kukauka, na hapo hutoka harufu ya rangi iliyochacha isiyofanana kabisa na ile ya esansi mpya. Unga mweupe uliojikusanya kwenye pembe, ambao ukikwanguliwa kwa ukucha huacha vishimo, ni metali iliyoliwa na maji. Ukijani kwenye jikleri ni kutu ya shaba. Tope jeusi linaloteleza upande wa nje ni oili na vumbi, na punje zinazokwaruza chini ya kidole ni mchanga, ambao hauyeyuki katika dawa yoyote na huondolewa kwa maji na upepo peke yake. Jikleri iliyoinuliwa kuelekea mwanga wa dirisha hukamilisha uchunguzi: tundu safi huonekana kama nukta nyeupe ya duara kamili, na tundu lenye gundi huonyesha mwanga hafifu wa rangi ya asali, au halionyeshi kitu.

Macho yakishindwa kuamua, kuna jaribio la nusu dakika ambalo kila fundi angefaa kulizoea. Kipande cha kitambaa cheupe hutiwa matone mawili ya asetoni, kile kimiminika chenye harufu kali kinachoondoa rangi ya kucha, na kusuguliwa mahali pamoja pa bakuli: kikigeuka rangi ya chai, uchafu huo ni gundi ya mafuta na utahitaji kiyeyushi, yaani kimiminika chenye uwezo wa kuufanya uchafu uingie ndani yake kama chumvi inavyoingia kwenye maji. Kikibaki cheupe na doa likabaki mahali pake, doa hilo limetokana na maji, na hakuna kiyeyushi kitakacholiondoa hata likilowekwa wiki nzima. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakowafanya wengi kupanda ngazi ya ukali, kutoka mafuta ya taa hadi esansi, kutoka esansi hadi tina ya kuchanganyia rangi, kutoka tina hadi maji ya betri, wakidhani kwamba dawa imekosa nguvu wakati iliyokosewa ni aina.

Jambo la pili la kujua ni kile kinacholowekwa. Mwili wa kabureta za pikipiki na jenereta hutengenezwa kwa aloi ya zinki au ya alumini, aloi ikiwa ni metali iliyochanganywa na nyingine, na mbili hizo hutambulika kwa mkono, kwa kuwa zinki ina uzito unaozidi mara mbili ule wa alumini yenye ukubwa uleule. Zote mbili huliwa na tindikali na huliwa pia na magadi makali, jambo linalozitofautisha na chuma ambacho mafundi wamezoea kukisafisha. Jikleri ni za shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Ringi za mpira, gaskiti, boya la plastiki, ncha ya mpira ya sindano inayofungia mafuta, na katika kabureta nyingine kiwambo cha mpira mwembamba kama ngozi ya ngoma, havimo katika hesabu ya kulowekwa hata kidogo. Hivyo hutolewa kwanza vyote, kimoja kimoja, na kuwekwa juu ya kitambaa safi kwa mpangilio uleule wa kutolewa kwao, kwani ringi ya mpira iliyovimba kwa tina haitarudi tena kwenye mfuo wake, na ringi mpya ya kipimo hicho pengine haipatikani karibu zaidi ya Goma.

Dawa ya kwanza ni ya kawaida kiasi kwamba hudharauliwa, nayo ni mafuta ya taa. Huondoa oili, grisi na vumbi lililoganda, hayali metali yoyote kati ya zilizotajwa, hayauharibu haraka mpira uliosahaulika, na hatari yake ya moto ni ndogo ukilinganisha na esansi, ingawa haijakosekana. Saa moja katika karai, na mswaki wa zamani, hutosha kwa upande wa nje wa kabureta yoyote. Mazutu hufanya kazi hiyohiyo kwa uvivu zaidi na huacha utelezi unaodai sabuni nyingi baadaye. Udhaifu wa yote mawili ni kwamba gundi ya mafuta iliyokauka hayaigusi sana, na ndiyo maana kabureta iliyolala mwaka mzima hutoka humo iking'aa nje huku jikleri zake zikiwa zimeziba vilevile.

Baada ya mafuta ya taa huja maji ya moto na sabuni, hatua inayorukwa mno kwa dhana kwamba maji ni adui wa kabureta. Maji yanayobaki ndani ndiyo adui. Maji yanayopita na kukaushwa ni mtumishi mwema. Vijiko viwili vya sabuni ya unga katika lita moja ya maji ambayo mkono unaweza kuyavumilia kwa sekunde chache tu, kwa nusu saa hadi saa moja, huondoa mafuta yaliyobaki, mchanga, na hata gundi changa ambayo bado inanata. Kipimo cha muda kina sababu yake: sabuni ya unga ina magadi, na alumini iliyolazwa humo usiku kucha huamka ikiwa nyeusi. Anayetaka kuacha vipuri mpaka asubuhi atumie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo ni pole zaidi.

Kwa gundi iliyokauka kweli, inayoonekana kama vanishi na kukipaka kitambaa rangi ya chai, dawa inayopatikana ni tina, kimiminika cha kuchanganyia rangi za mafuta, ambacho katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Goma huuzwa kwa jina la Kifaransa diluant. Tina si kitu kimoja. Ni mchanganyiko unaobadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, na aina inayofaa ni ile ya rangi za magari, yenye tolueni na asetoni au jamaa zao, kwa kuwa ile ya rangi za ukutani mara nyingi ni ndugu wa mafuta ya taa kwa harufu na kwa udhaifu. Jaribio la kitambaa hutumika tena hapa: tone moja la tina likishindwa kuleta rangi ya chai mahali asetoni ilipoileta, chupa hiyo ibaki dukani. Asetoni peke yake hufanya kazi vizuri vilevile, lakini huruka upesi, hasa katika joto la Walikale, na dawa ya kucha inayouzwa sokoni siku hizi mara nyingi haina asetoni yoyote, au imetiwa mafuta na manukato ambayo huacha utando wake yenyewe.

Namna ya kuloweka ina umuhimu kama dawa yenyewe. Chombo kiwe kopo la chuma lenye mfuniko, kama lile la maziwa ya unga, au chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Kikombe cha plastiki huweza kuyeyuka na kuacha uji wake juu ya jikleri, na karai lililo wazi hupoteza nusu ya dawa kabla ya adhuhuri, mvuke wake ukimwendea fundi kichwani. Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko inavyofikiriwa, kwa sababu jikleri, sindano ya chuma na skrubu hutosha katika kopo lenye dawa ya kina cha vidole viwili, na mwili wa kabureta huweza kulazwa upande mmoja kisha kugeuzwa. Saa mbili hadi nne hutosha kwa utando wa kawaida. Usiku mmoja hutosha kwa ule mbaya kabisa, na kama baada ya hapo tundu bado limeziba, kuongeza siku ya pili hakuna faida. Kinachohitajika ni kutoa kipuri, kukipuliza, na kukirudisha katika dawa mpya, kwani dawa iliyoshiba gundi haiyeyushi nyingine.

Esansi hutumiwa na wengi kwa sababu iko tayari ndani ya tangi. Huyeyusha gundi changa, hushindwa na kuukuu, na kwa kuwa gundi yenyewe ni mabaki ya esansi, kuitegemea kuiondoa ni kumtuma mwizi akamkamate ndugu yake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini sakafuni hadi kwenye mbabula iliyo hatua kadhaa mbali, na huwaka hata ukiwa chini ya sehemu mbili katika mia ya hewa. Asetoni na tina vina tabia inayofanana na hiyo. Kazi ya viyeyushi hivi hufanywa nje, mchana, mbali na sigara, na simu inayochajiwa isiwe juu ya meza ileile. Mwenye kibanda chenye ukuta pande tatu asijidanganye kwamba yuko nje.

Madoa yaliyotokana na maji, yaani unga mweupe na kutu ya kijani, huhitaji tindikali nyepesi, na hapa Masisi na Walikale hazina upungufu, kwa kuwa limau linapatikana sokoni na siki dukani. Maji ya limau yaliyochujwa na kuongezwa maji kiasi hicho hicho husafisha jikleri ya shaba ndani ya dakika 15 hivi. Onyo lake ni la saa: tindikali haichagui kati ya kutu na metali iliyo chini yake, na shaba ya manjano ikikaa humo kupita kiasi hupoteza zinki yake na kugeuka rangi ya waridi, dalili kwamba uso wake umekuwa kama sifongo. Mwili wa kabureta usizidishe dakika tano hadi kumi, uangaliwe muda wote, na utolewe mara vipovu vinapozidi. Wala usilowekwe katika chombo kimoja na shaba, maana metali mbili tofauti zikigusana katika tindikali moja hutenda kama betri na ile dhaifu, ambayo ni zinki au alumini ya mwili, ndiyo inayoliwa. Maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea mikate humaliza tindikali iliyobaki, kisha maji safi hufuata. Vishimo vilivyokwisha kuchimbwa na maji havijazwi na limau wala na chochote.

Kuna vimiminika vinne ambavyo havifai hata kwa dakika moja. Sodi kostiki inayotumiwa kutengenezea sabuni ya mawese, pamoja na maji ya majivu ambayo ni binamu yake, hushambulia alumini na zinki kwa vipovu vya hidrojeni, gesi inayowaka, na kuacha mwili wa kabureta ukiwa mweusi wenye vinyweleo. Maji ya betri ni tindikali ya salfuriki, na kabureta itokayo humo huwa nyepesi kuliko ilivyoingia. Dawa ya madoa ya klorini, ile inayoitwa javel, hutoboa alumini, na ikikutana na limau au siki katika karai moja hutoa gesi ya klorini, sumu ya mapafu iliyowahi kutumiwa kama silaha katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Viwanda vya nje hutengeneza dawa maalumu za kabureta, za kulowekea kwenye ndoo na za kupulizia kutoka kopo, na zinazopatikana Goma ni hasa hizo za kupulizia. Hizi ni nzuri kwa kusukuma uchafu uliokwisha kulegea, na hazifai kutegemewa badala ya kuloweka, kwa kuwa dawa inayogusa gundi kwa sekunde tatu na kuruka haina muda wa kuiyeyusha. Zile za ndoo za miaka ya nyuma zilitegemea diklorometani, kiyeyushi kikali ambacho mwili wa binadamu hukigeuza kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile inayoua watu waliolala na mbabula chumbani. Marekani iliipiga marufuku katika dawa za kutoa rangi zinazouziwa wananchi mwaka 2019, na mwaka 2024 ikapanua katazo hilo hadi matumizi mengi mengine. Kopo la zamani lenye jina hilo, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, liachwe. Walikale ina tatizo la ziada, kwa sababu bidhaa nyingi ziliingia huko kwa miaka mingi kwa ndege ndogo zilizotua juu ya kipande cha barabara ya lami pale Kilambo, na makopo ya kupulizia, tina na asetoni ni mizigo ya hatari ndani ya ndege. Aliyeko ng'ambo ya vituo vya Hombo au Mubi ni heri ajenge desturi yake ya kazi juu ya mafuta ya taa na sabuni, na lita moja ya tina iliyokuja kwa barabara aitunze kwa ajili ya gundi peke yake.

Kuloweka hulegeza, upepo ndio unaotoa. Kila njia ya ndani ya kabureta hupulizwa kwa kompresa ya fundi wa matairi, ambaye wengi humwita kwado, au kwa pampu ya baiskeli yenye mpira mwembamba mdomoni, na dawa inayotoka upande wa pili kwa mshale ulionyooka ni ushahidi kwamba njia iko wazi. Hapa ndipo mkono usio na subira huchukua uzi wa chuma kutoka kwenye kebo ya breki na kuusokota ndani ya jikleri. Katika kabureta nyingi namba iliyochongwa kwenye jikleri huonyesha upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jikleri ndogo yenye namba 35 ina tundu la milimita 0.35, na uzi wa chuma ukilipanua hadi milimita 0.40, badiliko ambalo jicho haliwezi kuliona, eneo la tundu huongezeka kwa takriban asilimia 30 na esansi inayopita huongezeka nalo. Pikipiki hiyo itakunywa mafuta mpaka siku jikleri itakapobadilishwa. Unywele wa mswaki wa nailoni, au uzi mmoja laini wa shaba uliochomolewa katika waya wa umeme, hufanya kazi hiyo bila kidonda.

Msumeno wa mashine una sheria yake. Kabureta yake haina bakuli wala boya, na kazi ya kupima mafuta hufanywa na kiwambo cha mpira kinachopumua ndani yake. Tina ikikigusa hukakamaa au huvimba, na msumeno hautawaka tena hata jikleri zikiwa safi. Kwa mashine hizo mafuta ya taa na brashi laini hutosha karibu siku zote, kwa kuwa uchafu wake mwingi ni unga wa mbao uliolowa oili.

Inafaa pia kusemwa kwamba si kila injini inayotoa moshi mweusi ina kabureta chafu. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na vilima vya Masisi hupita mita 2,000, mahali ambapo shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 tu ya lile la pwani, ilhali sehemu kubwa ya Walikale iko chini ya mita 1,000; pikipiki iliyopimwa ikaridhisha kule msituni hupata hewa pungufu ikipanda, mafuta yakazidi, na buji, yaani plagi, ikawa nyeusi kwa masizi. Fundi aliyeko juu akiifungua kabureta hiyo na kuikuta bakuli lake liking'aa, asitafute dawa. Atafute jikleri ndogo kidogo, au aelekeze lawama kwenye chujio la hewa.

Dawa iliyotumika huachwa itulie katika kopo lililofungwa, uchafu ukazama, na sehemu safi ya juu ikamiminwa kwa upole ili itumike tena kwa hatua ya kwanza. Masalia yasimwagwe kwenye chemchemi wala mtoni, na kwa Walikale mto huo kwa kawaida huishia Lowa, ambao maji yake huenda hadi Lualaba yakinywewa njiani. Jambo zito kuliko hilo ni chupa ya soda. Mafuta ya taa na tina visihifadhiwe kamwe katika chupa ya kinywaji, kwa sababu mtoto mwenye kiu husoma umbo la chupa, hasomi maandishi. Na aliyekunywa asitapishwe, kwani mafuta yanapopanda huingia mapafuni na huko ndiko yanakoua, apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Sababu hiyohiyo inakataza kufyonza esansi kwa mdomo, desturi ambayo haijakoma.

Mwenye mashine anayejua kwamba ataiacha kwa zaidi ya wiki tatu anaweza kuepuka sehemu kubwa ya kazi hii. Chini ya bakuli la kabureta nyingi kuna skrubu moja ya kumwagia. Bomba la tangi hufungwa, skrubu hiyo hulegezwa, na esansi iliyomo, ambayo haifiki hata nusu kikombe cha chai, humwagika yote ndani ya dakika moja.